Karatasi na Picha za Wanawake Walioandika Zamani

Mtu akiulizwa katika nchi yetu ni nani walioandika habari za kale, hutaja majina ya wanaume: wamisionari, wasafiri, maliwali, na masheikh wa pwani. Ni mara chache kulisikia jina la mwanamke. Tena wako wanaosema kwamba sababu yake ni nyepesi, yaani wanawake wa zamani hawakujua kuandika. Neno hili si kweli, nasi twataka kulipinga kwa ushahidi. Wanawake walioandika walikuwako, na wengine waliandika kwa ustadi mkubwa. Kilichopungua si maandiko, bali watunzaji. Karatasi za mwanamume ziliwekwa katika sanduku la baraza au la misheni. Karatasi za mwanamke zilikaa uvunguni mwa kitanda chake, na alipokufa zilichomwa pamoja na matandiko, au zilifungiwa chumvi.

Na tuanze pwani. Katika mwaka wa 1858 alikuwako mwanamke wa Pate, jina lake Mwana Kupona binti Mshamu. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyeshindana miaka mingi na Sultani wa Unguja, alikuwa amekwisha kufariki. Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa, akaona siku zake zimepungua. Akatunga utendi wa mawaidha kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, apate kujua kukaa vema na Mungu, na mumewe, na watu wa mji. Utendi huo, wenye beti zipatazo mia, umesomwa na wanawake wa pwani kizazi baada ya kizazi, na watoto wetu wa shule hulijua jina lake.

Walakini ukiuliza, karatasi yenyewe aliyoiandika Mwana Kupona iko wapi, hutaonyeshwa. Zilizopo ni nakala zilizoandikwa na watu wengine kwa herufi za Kiarabu, nyingine katika chuo kikuu cha London na nyingine katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nazo hazilingani, kwa maana ubeti ulio katika hii haumo katika ile. Picha yake haiko kabisa. Bibi mmoja Mwingereza, Alice Werner, ndiye aliyeupiga chapa utendi huu huko Marekani mwaka wa 1917, na mara ya pili pamoja na William Hichens mwaka wa 1934. Alikuwa na bahati njema, maana alipofika Lamu, Mwana Hashima alikuwa angali hai, akamsimulia habari za mama yake. Basi twaona jambo hili: utendi ulipona kwa sababu wanawake waliupenda wakaunakili, na habari za mtungaji zilipona kwa sababu binti yake aliishi miaka mingi na mtu akaja kumwuliza. Kama Bibi Werner angalichelewa miaka michache tu, tungalibaki na jina tupu.

Sasa twaja kwa mwanamke wa pili, ambaye karatasi zake na picha zake zimetunzwa kuliko za mwanamke ye yote wa zamani wa nchi hizi. Yeye ni Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said, Sultani wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkesi, mbali kaskazini. Binti za Sultani walifundishwa kusoma Korani, lakini kuandika hawakufundishwa. Watu wa siku zile waliona hatari msichana kujua kuandika, asije akapeleka barua asikotakiwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri. Aliutwaa mfupa mpana wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa kibao cha watoto wa Unguja, akawa akiiga herufi za Korani moja moja hata mkono ukazoea. Sisi tulio walimu, ambao kila mwaka twasikia kwamba shule haina madaftari ya kutosha, mfupa ule twaukumbuka sana.

Kuandika kule kulimponza upesi. Seyyid Said alifariki mwaka wa 1856 akiwa safarini baharini, na ndugu wakagombania ufalme. Mwaka wa 1859, mwaka ule ule alipofiwa na mama yake kwa kipindupindu, nduguye Barghash alifanya njama ya kumwondoa Sultani Majid. Wale waliokula njama walihitaji mtu wa kuandika barua asiyeweza kushukiwa, wakamtia Salme katika shauri lao, naye hajapita miaka kumi na mitano. Akawa mwandishi wao. Kwa kalamu yake watu waliitwa, na baruti na risasi zikaagizwa. Njama ilivunjika, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki akiangaliwa kwa jicho baya na nusu ya jamaa zake. Sisi twaona kwamba miaka yote iliyofuata ya maisha yake ilitokana na barua zile.

Baadaye alijuana na mfanya biashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, aliyekaa jirani naye mjini. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, akapelekwa Aden. Huko alibatizwa akaitwa Emily, na siku ile ile, tarehe 30 Mei mwaka wa 1867, akaozwa, wakasafiri kwenda Hamburg. Walipata watoto watatu waliokua. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1870 mumewe aliumizwa na gari la abiria njiani, akafa. Naye akabaki mjane katika mji wa ugenini, mdogo wa watoto akiwa bado mchanga kabisa. Kwa sheria za mji ule, mjane hakuachiwa mali peke yake, bali waliwekwa wanaume wa kuisimamia. Akahama mji hata mji, akifundisha lugha ili apate kulisha watoto.

Hapo ndipo alipoirudia kalamu. Alianza kuwaandikia watoto wake habari za Unguja, wapate kujua mama yao ametoka wapi. Kisha maandiko hayo yakapigwa chapa Berlin mwaka wa 1886, kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza akiwa mtu mzima; na mwaka wa 1888 yalikwisha kutokea kwa Kiingereza katika London na New York. Hivyo watu wa Marekani walisoma juu ya maisha ya wanawake wa Unguja, kutoka kwa mmoja wao, miaka mingi kabla shule za kwetu hazijapata kitabu kama hicho.

Lakini karatasi ambazo twazisema hasa si kitabu kile. Baada yake Bibi Emily aliandika mswada mwingine, wa barua kwa rafiki yake wa Unguja asiyetajwa jina. Barua hizo hazikutiwa posta. Ndani yake aliyasema aliyoyanyamazia kitabuni: baridi, milango iliyofungwa mchana kutwa, upweke wa kukaa mezani na watu asioielewa lugha yao, kifo cha mumewe, na wasimamizi wa mali. Wala hakuficha jambo moja ambalo sisi Wakristo imetupasa kulisoma kwa utulivu, nalo ni kwamba alibatizwa haraka, kabla hajafundishwa vya kutosha, akakaa miaka mingi moyo wake ukivutwa huku na huku. Twamsifu kwa kuandika hivyo. Wengi hupenda kuandika habari za kuongoka kwao kana kwamba ni njia iliyosawazishwa.

Alifariki katika Jena tarehe 29 Februari mwaka wa 1924, akazikwa Hamburg kando ya mumewe, na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi ukawekwa kaburini. Mswada wa barua ulikuwa haujapigwa chapa. Hapa ndipo ungaliweza kupotea, kama zinavyopotea karatasi za mama zetu. Mwanawe Rudolph Said-Ruete hakuacha jambo hilo litokee. Katika miaka ya 1930 alikusanya vitabu, barua, hati na picha za jamaa yake, akavipeleka Leiden, mji wa Uholanzi, kwa taasisi ya wataalamu wa mambo ya nchi za mashariki. Akafa mwaka wa 1946. Sanduku likakaa. Vita vikuu vilikwisha, Tanganyika ikajitawala, Unguja ikapinduliwa, na mswada ungali kabatini. Hata mwaka wa 1993 mtaalamu wa Leiden, E. van Donzel, akazipiga chapa barua zile kwa Kiingereza pamoja na kile kitabu cha kwanza. Tangu kufa kwake ilikuwa imepita miaka 69. Karatasi ikiwa mahali pakavu, husubiri.

Na picha je? Picha yake ijulikanayo zaidi yamwonyesha amevaa nguo za binti wa Sultani, amejipamba dhahabu. Mtazamaji husema, Huyu yuko Unguja kwao. Sivyo, alipigwa picha Hamburg, baada ya kuolewa, na mpiga picha wa mji ule. Nje ya mlango wa nyumba ile hakuna mnazi wala mkarafuu. Jambo hili si kosa, ila latufundisha kwamba picha haijitoshelezi. Lazima iwe na maandishi ya nani, wapi, na lini. Mfano mwingine ni wa Mmarekani, Bibi May French-Sheldon, mwandishi mwenye mali, aliyetoka Mombasa mwaka wa 1891 na wapagazi wengi akaenda hata Kilimanjaro, akatoa kitabu mwaka wa 1892. Yeye alibeba nguo nyeupe ya kifahari, na nywele za bandia za rangi ya dhahabu, na upanga, ili avae akutanapo na wafalme wa nchi. Na picha yake katika mavazi hayo imetangazwa sana. Karatasi zake zimewekwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, mahali pa usalama pasipoingia mchwa. Lakini wapagazi waliombeba yeye na sanduku lenye nguo zile, karatasi zao hatuzioni Washington wala kwingineko.

Tumefika mahali ambapo mtu wa Ukaguru hana budi kusema neno lake. Bibi Salme katika kitabu chake aliutetea utumwa wa Waarabu, akisema ulikuwa wa upole, na kwamba watu wa Ulaya hawakuuelewa. Sisi tulio hapa Berega, karibu na Mamboya, twakaa kando ya njia ya zamani ya misafara itokayo Saadani kwenda Mpwapwa na bara. Wazee wetu waliisikia milio ya minyororo ile. Karafuu za mashamba ya Unguja zilichumwa kwa mikono ya watu waliotoka bara, na dhahabu ya picha ile ilitoka katika karafuu. Hatusemi haya ili watu wasimsome. La, asomwe, kwa maana ameandika kwa kweli yale aliyoyaona kutoka dirisha lake. Lakini dirisha la jumba halielekei njia yote.

Je, waliokuwa katika njia hiyo hawakuacha neno? Wachache waliacha, kwa midomo ya wenyewe na mikono ya wengine. Huko Nyanda za Juu za Kusini, katika misheni za Moravian za Utengule na Mbozi, mke wa mmisionari aitwaye Elise Kootz-Kretschmer aliwakalisha wanawake wazee Wakristo, akawauliza maisha yao, akaandika. Mmoja ni Bibi Narwimba, mwingine ni Chisi. Walisimulia namna kijiji kilivyovamiwa, na mtoto alivyouzwa kwa bei ya vitu vya dukani, na jinsi mjane alivyopaswa kutafuta mwanamume wa kumlinda ili yeye na wajukuu wake wasichukuliwe. Habari hizo zilipigwa chapa Ujerumani katika miaka ya 1920, na baadaye mtaalamu Mmarekani, Marcia Wright, akazitoa tena kwa Kiingereza katika kitabu cha mwaka wa 1993. Twaona kwamba kurasa hizi chache zafaa kuwekwa mezani karibu na kitabu cha binti wa Sultani, zisomwe pamoja, kila moja ikiijibu nyingine.

Katika Ukaguru kazi ya namna hiyo haikufanyika, ingawa kalamu zilifika mapema. Wamisionari wa Church Missionary Society walifika Mpwapwa mwaka wa 1876, na muda si mrefu Mamboya. Mmoja wao, J. T. Last, alitoa sarufi ya Kikaguru mwaka wa 1886. Ni kitabu chema, na kwa hicho twaweza kujua wazee wetu walisemaje. Bali jina lililo juu yake ni la Bwana Last peke yake. Wale waliokaa naye wakimwambia hiki huitwa hivi na kile huitwa vile, wanaume au wanawake, hawakuwekwa juu ya jalada. Mwaka ule ule wa 1886 bibi mmoja Mwingereza, Annie Hore, alitoa kitabu juu ya safari yake ya kutoka pwani ya Saadani hata Ujiji, yeye akichukuliwa katika kiti na mtoto wake mdogo pamoja naye. Barua za misheni ya Mamboya na Mpwapwa zimo katika maktaba ya chuo kikuu cha Birmingham, na za misheni ya Bwana na Bibi Hore zimo London. Mtu wa Berega akitaka kujua nchi yake ilikuwaje babu wa babu yake alipokuwa kijana, yampasa kupanda ndege.

Haya ni ajabu kwetu zaidi kuliko kwa watu wengine, kwa sababu sisi Wakaguru ukoo wetu twauhesabu kwa mama. Mtu akiulizwa yeye ni nani, hutaja ukoo wa mama yake na wa mama wa mama yake, wala hakosei. Kwa kinywa tumewatunza wanawake. Kwa karatasi tumewaacha.

Wala mtu asiseme kwamba akina mama wa vijijini hawana karatasi. Tumeona wenyewe. Yuko mama aliyeandika katika daftari la mkono wake majina ya watoto wote aliowazalisha, na siku, na uzito wa mvua ya mwaka ule. Yuko aliyeandikiana barua na mumewe aliyekuwa mashambani ya mkonge huko Kimamba, naye akanakili majibu yake kabla ya kuyatuma ili akumbuke aliyoyasema. Wako waliotunga nyimbo za kwaya na za Umoja wa Akina Mama, nazo zimeandikwa nyuma ya karatasi za sukari. Hizi zote ni kazi za waandishi. Mwana Kupona naye hakujua kwamba wataalamu watamsoma. Alimwandikia binti yake.

Adui zake ni watatu: mchwa, moshi, na msiba. Mchwa na moshi huzuilika kwa sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na jiko, na karatasi zikaanikwa kivulini, si juani, baada ya masika. Picha zisibandikwe ukutani kwa ugali. Gundi ile huita wadudu. Nyuma ya picha yaandikwe majina kwa penseli laini, kuanzia kushoto kwenda kulia, na mahali na mwaka. Wino hupenya ukaharibu uso wa mbele. Adui wa tatu ni mgumu zaidi. Msiba ukiisha, nyumba husafishwa kwa siku moja, na wasafishaji ni vijana ambao hawajui kipi ni takataka. Heri mwenyewe angali hai awaambie wanawe, Daftari hili lisichomwe. Na akiwa hana wa kumwachia, alipeleke kwa mchungaji au kwa mwalimu lipate kuandikwa katika orodha. Kwa karatasi zilizo kubwa kuliko nguvu za kijiji ipo Idara ya Nyaraka za Taifa, na Unguja wanayo yao.

Katika mwaka huu sisi tumeanza kuwauliza majirani. Zimeletwa barua, vyeti vya ubatizo, daftari mbili, na picha kumi na moja. Katika picha mojawapo wapo akina mama sita wamesimama mbele ya ukuta wa matofali, kanga zimefungwa kifuani, na wa pili kutoka kulia ameshika kitabu kilichofunguliwa na penseli katikati ya kurasa. Wanne tumepata majina yao kwa wajukuu. Mwenye kitabu na aliye kando yake hawajatambuliwa. Picha i kwetu shuleni. Anayedhani aweza kuwajua na aje aitazame, tena aje na bibi yake.